Mwalimu Nyerere na Saa za Kazi za Mama

Katika kata ya Nyansurura, mkoani Mara, upande ambao nchi ya Serengeti yakaribia Tarime, plau ya kukokotwa na maksai si kitu kigeni. Kazi huanza alfajiri, kabla umande haujakauka. Jua likipanda na kuwa kali, mwenye maksai huwafungua nira, akawapeleka majini na malishoni, nao wakapumzika. Hafanyi hivyo kwa huruma peke yake. Ajua ya kuwa maksai achoshwaye leo hatalima kesho, na akifa, nyumba nzima imepata hasara. Hiyo ni busara ya wafugaji, na hakuna mtu wa Mara asiyeijua.

Lakini mama aliyekuwa akifuata nyuma ya plau na kutia mbegu katika mfuo, yeye hafunguliwi nira saa ile. Atoka shambani na mtoto mgongoni, aokota kuni njiani, ateremka mtoni kuchota maji, arudi nyumbani kusaga, kupika, kufua, kuogesha watoto na kumwangalia mkwe aliye mgonjwa. Wengine wakiisha lala, yeye bado aosha vyombo. Siku ya Dominika huja Misani amechelewa, nasi wenye kukaa mbele kanisani twamgeukia kana kwamba ni mvivu wa sala.

Tumeanza na mama huyo kwa sababu siku hizi habari za kupunguza juma la kazi zasikika pande nyingi za dunia. Ufaransa iliweka juma la saa 35 katika sheria zake tangu mwaka 2000. Katika nchi nyingine za Ulaya watu wanajadili kufanya kazi siku 4 badala ya 5 bila kupunguziwa mshahara. Wakristo wengi wanaliunga mkono jambo hilo, wakisema ya kuwa mtu hakuumbwa awe chombo cha kuzalisha mali tu, na ya kuwa baba na mama wahitaji saa za kukaa na watoto wao, za kusali na za kuwatembelea wagonjwa. Maneno hayo ni mema, wala si mageni katika Kanisa. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alifundisha ya kwamba ni dhuluma kumtumikisha mtu kupita nguvu za mwili wake, na ya kwamba pumziko la Dominika ni haki ambayo hata mfanya kazi mwenyewe hawezi kuiuza. Mwaka 1919, mataifa yaliyokutana Washington yalipatana juu ya kazi ya saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma viwandani.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza juma la kazi liwe na saa ngapi, twapaswa kuuliza ni juma la nani linalohesabiwa. Swali hilo liliulizwa wazi katika nchi yetu zaidi ya nusu karne iliyopita na Mkristo Mkatoliki, mzaliwa wa Mara, ambaye kila mtu amjua jina lake. Basi leo twataka kuyatazama maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa upande huo mmoja. Habari za Uhuru na za siasa yake zimeelezwa mara nyingi. Habari za saa za kazi hazikumbukwi sana, nazo zaigusa kila nyumba.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Chifu alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Watu wa mbali wasikiapo mwana wa chifu, hudhani alikulia katika raha. Haikuwa hivyo. Katika mji wa namna ile kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, naye aliwalisha watoto wake kwa jembe lake. Kambarage alikaa na mama yake, akachunga na kusaidia shambani kama watoto wengine wa Kizanaki. Aliona kwa macho yake jinsi wanawake wale walivyoamka mapema na kulala wamechelewa, na jinsi heshima ya mji mkubwa wa chifu ilivyosimama juu ya migongo yao. Jambo alionalo mtoto nyumbani kwao halimtoki upesi.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka huko aliendelea na shule ya Serikali ya Tabora, kisha Makerere, Uganda. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwezi wa Desemba 1943 alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius.

Hapo Makerere ndipo tunapoliona jambo letu kwa mara ya kwanza likitoka katika kalamu yake. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika insha ndefu juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amesoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kutiishwa kwa wanawake, naye akayachukua mawazo yale akayapima kwa maisha ya wanawake wa kwao. Vijana wenziwe wa elimu ya juu walikuwa na mambo mengi ya kuandika: utawala wa wageni, mishahara, rangi ya mtu. Yeye aliwakumbuka wake wa baba yake. Insha hiyo ilikaa miaka mingi bila kutolewa, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 2009, miaka 10 baada ya kufa kwake.

Baada ya Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Padre Richard Walsh wa shule hiyo alimsaidia kupata njia ya kwenda kusoma Edinburgh, Scotland, alikokaa tangu mwaka 1949 hadi 1952. Aliporudi, mwezi wa Januari 1953, alifunga ndoa na Maria Gabriel, naye pia mwalimu, akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, na mwaka uliofuata Mwalimu aliacha kazi ya Pugu pamoja na mshahara wake ili apate kuitumikia nchi. Mambo yaliyofuata yajulikana: Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Jamhuri mwaka 1962, Muungano na Zanzibar mwaka 1964.

Wafanya kazi wa mishahara walikuwa na sehemu kubwa katika safari hiyo. Walikuwa wametaabika. Wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na mgomo wao ukaenea bara. Katika mashamba ya mkonge, mtu alihesabiwa kazi kwa kipande chenye siku 30, na hakulipwa mpaka siku zote 30 zimejazwa. Vyama vyao vilidai mshahara wa haki na saa za haki, na madai hayo yaliisaidia TANU. Kwa hiyo wengi walitazamia ya kuwa Serikali ya wananchi itapunguza saa za kazi na kuongeza likizo, kama walivyosikia kwamba hufanyika Ulaya.

Mwalimu hakuwajibu walivyotazamia. Mwaka 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Wengi hukumbuka ya kuwa Azimio hilo lilitaifisha mabenki na kuwakataza viongozi kuwa mabepari. Wachache hukumbuka ya kuwa ndani yake mna hesabu ya saa. Azimio lasema ya kuwa mwenye mshahara mjini hufanya kazi yapata saa 45 kwa juma, na kwa nchi changa na maskini saa hizo si nyingi. Kwa kawaida, lilieleza, taifa huanza kwa saa nyingi na kuzipunguza kadiri linavyopata nguvu. Kuanza na saa chache, na kisha kuomba ziwe chache zaidi, ni kuwaiga wenye mali kabla ya kuwa na mali, na mwigo huo utatuletea majuto.

Twafikiri jinsi maneno hayo yalivyopokewa na karani na mpagazi wa bandarini. Lakini Azimio halikuishia hapo. Liliwageukia watu wa mashamba, hasa wanaume, likawauliza wanafanya kazi saa ngapi kwa juma na majuma mangapi kwa mwaka. Likajibu lenyewe ya kuwa wengi wao hawafikii hata nusu ya saa za mwenye mshahara. Kisha likasema jambo ambalo ni nadra kusemwa katika hati ya chama cha siasa popote duniani: wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko watu wote wa Tanzania. Pengine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata siku za Dominika na za sikukuu. Wanaume wa vijijini, na baadhi ya wanawake wa mijini, wamo likizoni nusu ya maisha yao. Nguvu zao zapotea katika mazungumzo, ngoma na pombe, na kama zingetumika zingeitajirisha nchi kuliko msaada wa matajiri.

Basi na tupige hesabu. Saa 12 kwa siku, kwa siku 7, ni saa 84. Mwenye mshahara alihesabiwa 45. Mama wa shamba, katika nyakati za kazi nyingi, alikaribia kufanya majuma mawili ya karani ndani ya juma moja, bila mshahara, bila likizo, na bila mtu wa kuandika saa zake kitabuni. Alipowakatalia wafanya kazi wa mjini saa chache zaidi, Mwalimu alikuwa na mama huyo machoni. Aliona ya kuwa pumziko katika nchi maskini lafanana na chakula katika mwaka wa njaa. Lipo kwa kipimo, na anayejipakulia mara mbili amempunguzia mwingine.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo aliandika juu ya ujamaa vijijini, akaurudia mji wa kizamani alioujua Butiama. Aliusifu kwa kuheshimiana, kushirikiana mali na kila mtu kufanya kazi. Lakini hakuuremba. Alitaja kasoro mbili: umaskini, na jambo la kuwa wanawake walionekana wa chini, wakafanya kazi shambani na nyumbani kupita sehemu yao ya haki. Alisema ya kuwa jambo hilo halipatani na ujamaa unaowahesabu watu wote kuwa sawa. Twaona, basi, ya kuwa kijana wa Makerere na Rais wa nchi walikuwa na wazo moja.

Je, aliyatenda aliyoyasema? Hatuandiki habari za watakatifu wa kwenye picha. Twaandika habari za mtu. Haki yataka tuseme pande zote mbili.

Upande mmoja, hakudai kwa wengine jambo alilolikwepa mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1966 alijipunguzia mshahara kwa sehemu 20 katika 100. Alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima. Kila asubuhi alizoea kuhudhuria Misa. Tena Serikali yake ilijua ya kuwa mama hapumzishwi kwa hotuba. Mwaka 1971 uliwekwa mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini, ili ifikapo mwaka 1991 kila nyumba ipate maji safi ndani ya mita 400. Tafakari maana ya mita 400 kwa mtu ambaye hutembea saa nzima kwenda mtoni na saa nzima kurudi. Hakuna sheria ya kazi iwezayo kumpa mama saa nyingi kuliko bomba moja lililo karibu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, hivyo wasichana wengi, waliokuwa wakishika mtungi tangu utoto, wakashika kalamu.

Upande wa pili, mambo yalimshinda, na mengine aliyakosea. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi wa vyama vya wafanya kazi walitiwa kizuizini, vyama vyao vikafutwa, na kikawekwa chama kimoja chini ya Serikali. Tangu hapo mfanya kazi aliyeona saa zake zamwelemea hakuwa na mdomo wa kusema isipokuwa ule aliopewa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa vijijini walihamishwa kwenda vijiji vipya, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Palipokuwa na kijiji kikubwa mahali pamoja, mashamba yalikuwa mbali, na mwenye kutembea mbali na jembe begani alikuwa mama yuleyule. Mpango wa maji nao haukutimia kama ulivyoandikwa. Mwaka 1991 ulifika, na vijiji vingi vilikuwa bado vyachota mitoni na madimbwini. Nguvu za wanaume, ambazo Azimio liliziita hazina, hazikutoka kwa amri.

Kwa nini hazikutoka? Twadhani sababu si ugumu wa kuelewa. Serikali yaweza kuandika sheria juu ya kiwanda, kwa maana kiwanda kina mlango, kengele na kitabu cha mahudhurio, na mkaguzi aweza kuingia. Hata leo sheria ya ajira ya mwaka 2004 yaweka mwisho wa saa 45 za kawaida kwa juma, pumziko la saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Zile saa 45 zilizotajwa Arusha zimebaki kuwa kipimo chetu. Lakini mkaguzi wa kazi haingii jikoni. Hakuna sheria imwambiayo mume ni nani achote maji jioni ya leo. Juma la mwajiriwa hupunguzwa na Bunge. Juma la mama hupunguzwa na mikono mingine iliyomo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mahali Serikali ilipokomea ndipo ulipo mlango wa familia ya Kikristo.

Na hapo sisi hatuwezi kusema ya kuwa hatukufundishwa. Amri ya kushika siku ya Bwana, kama ilivyoandikwa katika Kutoka na katika Kumbukumbu la Torati, haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Yawataja mwana na binti, mtumishi na mjakazi, mgeni aliye malangoni, na hata ng'ombe na punda. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kupumzika kwa jasho la mwingine. Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, aliwakumbuka wazi wanawake wabebao kila siku mzigo wa nyumba na malezi ya watoto pasipo kutambuliwa ipasavyo na watu, pengine hata na jamaa zao wenyewe. Hivyo yale yaliyosemwa Arusha na chama cha siasa, Kanisa nalo limeyasema kwa njia yake. Wala Mwalimu hakuona kwamba hayo ni mambo ya Serikali tu. Mwezi wa Oktoba 1970 aliwaeleza masista wa Maryknoll huko New York ya kuwa Kanisa lisiposhiriki kupigana na mambo yanayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa pamoja na wadhalimu.

Tunajua yatakayojibiwa. Wazee watasema ya kuwa kila kazi ina mwenyewe tangu zamani: mwanamume alilinda mji na mifugo, mwanamke alishika shamba na jiko. Twaiheshimu desturi, kwa maana mtu asiye na desturi ni kama mti usio na mizizi. Lakini zamani ile mlinzi alikesha kweli, na hatari ilikuwa kubwa. Leo watoto wengi waliochunga wamo shuleni, na mkuki umetundikwa ukutani. Kama kazi ya upande mmoja imepungua na ya upande wa pili imeongezeka, desturi iliyokuwa mizani imekuwa mzigo. Mwalimu naye alikuwa mwana wa desturi hiyo, tena mwana wa mji wenye wake 22. Hakuidharau, ila aliona ulipolemea.

Wengine watasema ya kuwa mama mwenyewe halalamiki. Ni kweli, wengi hawalalamiki. Maksai naye halalamiki, lakini mwenye akili humfungua nira kwa kutazama jua, bila kungoja alie.

Basi twawaomba akina baba wa nyumba za Kikristo wafanye jambo dogo ambalo halihitaji Azimio wala Bunge. Jumamosi jioni, maji na kuni za Dominika ziletwe na mikono yote ya nyumba, ya baba na ya wana wa kiume pamoja na binti, ili siku ya Bwana imkute mama naye yu huru. Mwenye ng'ombe na mkokoteni asiuache mkokoteni chini ya mti wakati mkewe abeba ndoo kichwani. Anayeuza ng'ombe na kupata fedha, kabla ya kununua kitu cha kumpendeza yeye, aulize ni kitu gani kitakachompunguzia mkewe saa moja kwa siku. Na mvulana afundishwe kuosha sufuria angali mdogo, kwa maana akiisha ota ndevu atasema si kazi yake.

Wala tusiwaseme akina baba peke yao. Sisi wa Kanisa nasi tuna la kujibu. Parokia ikiwa na sherehe, ni nani wakeshao usiku kucha mekoni? Jumuiya zikipanga mkutano Dominika alasiri, ni nani arudiye nyumbani giza limeingia na bado hajapika? Twawasifu akina mama kwa moyo wao wa kujitoa, na baada ya kuwasifu twawaongezea kazi. Twapaswa kukumbuka ya kuwa sifa hazipumzishi mgongo.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama tarehe 23 ya mwezi huo. Mwaka 2005, Jimbo la Musoma liliruhusiwa na Roma kuanza kuyachunguza maisha yake, kwa nia ya kujua kama yastahili kuwekwa mbele ya waamini, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Kazi ya kumhukumu ni ya Kanisa, nasi hatulitangulii. Taifa nalo limeifanya tarehe ya kufa kwake kuwa sikukuu. Siku hiyo ofisi hufungwa, shule hufungwa, na wenye mishahara hupumzika kwa kumkumbuka.

Na mama yule wa Nyansurura? Tarehe 14 Oktoba itakapofika, ataamka alfajiri kama kawaida, ashike ndoo, ateremke mtoni. Yeye aliyewasema watu kwa kuwa wanawake hawana sikukuu, sikukuu yake mwenyewe yawapita wanawake haohao. Twaona ya kuwa hakuna namna bora ya kumheshimu kuliko hii: siku hiyo, na hasa kila Dominika, mtu mwingine wa nyumba aishike ile ndoo. Mungu awajalie akina baba wetu moyo wa kuiona kazi iliyo mbele ya macho yao, na awajalie akina mama wetu pumziko hapa duniani pia, kabla ya lile la milele.